Ngoja, Nyamaza, Mama Anarudi

Alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda mbele ya mlango wangu, kuku mwekundu amembana kwapani, na aliponiona hakusimama. Kando yake alisimama mwanawe Wandera, mwanaume ambaye ilibaki miezi minne tu niitwe mke wake. Helmeti ya pikipiki ilikuwa bado kichwani. Wandera wangu, ambaye kila akija hapa Malaba alikuwa akiivua tangu getini ili nimwone uso kwanza, leo hakuivua.

"Kumbe hii nyumba iko na mlango wa nyuma," mama yake akasema.

Sikuwa nimewahi kukutana naye. Nilimjua kwa picha ya simu tu. "Karibu, mama. Habari ya Sigalame?"

"Sikuja kusalimiana. Nimeuliza mlango."

"Hakuna wa nyuma, mama. Ni huu mmoja."

"Basi wewe umepitia dirisha. Na yeye? Huyo naye ametoshea dirishani?"

"Yeye nani?"

Akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Anauliza yeye nani."

Nilikuwa nimetoka kazini mbio, jasho limenigandisha blauzi mgongoni, makaratasi ya watu bado mkononi. Sikuelewa hata neno moja. Kwa hivyo acha niwaeleze ninyi kwanza kile ambacho mimi nilikuja kukielewa nikiwa nimeshatukanwa.

Wiki tano nyuma, Wandera aliniletea mtoto wa mbwa. Yeye huuza dawa za mifugo dukani Matayos, na mbwa wa pale dukani alikuwa amezaa. Alimbeba ndani ya jaketi mpaka Malaba. "Anaitwa Simba," akaniambia, amemshika kwa viganja viwili kama mtu anayebeba uji wa moto. Nilimwambia mimi hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, kitoto kama hiki kitakaa na nani? Akasema, "Nataka nione utakavyomlea." Macho yake yakabaki kwangu hata baada ya maneno kuisha. Nikadhani ni mapenzi yale.

Mimi ni karani wa wakala wa forodha. Hakuna chuo kilichonifunza. Nilijifunza kwa fomu zilizotupwa, nilizokuwa naokota jioni na kuzisoma mstari kwa mstari mpaka nikajua tarakimu ya ushuru ya simenti na ya mafuta ya kupikia. Lori likikosewa tarakimu moja, dereva analala barabarani siku mbili. Kwa hivyo kazi yangu haina kutoka-toka. Nilikuwa nimejipangia saa nne nikimbie nyumbani dakika ishirini, nimlishe mbwa, nipanguze sakafu, nirudi.

Lakini alilia. Wiki ya kwanza alilia kuanzia ninapofunga mlango mpaka sauti ikamkauka. Mwenye ploti akanitumia ujumbe: ama mbwa anyamaze ama mhame wote wawili. Ndipo nikakumbuka simu yangu ya zamani. Kioo kilipasuka kitambo, lakini spika yake inaunguruma kama ya kanisa. Nikajirekodi yale maneno niliyozoea kumwambia kila asubuhi, nikaiweka juu ya kabati, nikaiacha ijirudie na vituo virefu katikati: "Ngoja. Ngoja, nyamaza. Mama anarudi sasa hivi. Usikwaruze mlango. Chakula si nimekuwekea? Kula polepole, mlafi wewe. Na ukikojoa hapo leo utanijua."

Ilifanya kazi. Alikuwa akisikia sauti yangu analala juu ya sweta yangu. Na kwa kuwa neno la kwanza lilikuwa ngoja, akaanza kuliitikia. Jina la Simba likafa lenyewe. Wandera akipiga simu kuuliza, "Simba hajambo?" namjibu hajambo. Sikuona haja ya kumweleza.

Sasa siku hiyo mama yake alitoka Sigalame kabla ya jogoo, na kuku wa kuniletea, bila kunijulisha, maana mtu anayekwenda kukagua hapigi simu. Alifika saa tatu na nusu. Ploti ilikuwa tupu, wapangaji wote kazini. Mlango wangu ni wa kitasa, hauna kufuli nje la kukuonyesha kwamba mwenyewe hayupo. Akabisha.

Ndani sauti ya mwanamke ikamjibu, "Ngoja."

Akangoja, kwa heshima. Akabisha tena.

"Nyamaza. Mama anarudi sasa hivi."

Hiki Kiswahili chetu! Kurudi ni kuja, na kurudi ni kwenda. Mimi nilikuwa namwambia mbwa kwamba mama yake, yaani mimi, niko njiani nakuja. Yeye pale nje akasikia mwanamke akimtuliza mwanaume chumbani: tulia, huyu mama anaondoka saa hii. Alipoweka sikio mlangoni, akasikia kitu kikiguna.

Nami siku hiyo sikufika saa nne. Malori yalikuwa yamejipanga mpaka nisione mwisho wake, na kila dereva ananiita dada, dada. Ilipofika saa saba ndipo nilipopata nafasi, nikakimbia nikijua mtoto ana njaa na moyo ukinisuta njia nzima. Huko ndiko nilikotoka.

"Tangu saa tatu na nusu!" mama akasema. Sasa alikuwa amesimama, kuku anapiga mbawa. "Nimeambiwa ninyamaze. Mimi, mwenye wajukuu tisa! Nimeambiwa nisikwaruze mlango. Kwani mimi ni paka? Nimeitwa mlafi na sijaomba hata maji ya kunywa. Nimeambiwa nikikojoa..." Sauti ikamkatika. "Wandera, malizia wewe. Mimi siwezi kutamka."

Kutoka getini mtu akacheka. Alikuwa Ajiko, jirani yangu anayekaanga mandazi, amerudi na unga kichwani. Ajiko anaijua simu ile kama wimbo. Sentensi moja tu ilimtosha kuelewa kilichotokea, na akashindwa kujizuia.

"Woi, mama! Wamekukataza kukojoa?"

"Na huyu ni nani?"

"Mimi ni jirani. Amongin, si ufungue uwaonyeshe huyo bwana wako wa ndani?"

"Umesikia, Wandera? Hata majirani wanamjua!"

"Tunamjua sana! Yule hana maringo, humlamba kila mtu miguu. Na yuko na mkia!"

"Ajiko, nyamaza!" nikasema.

"Hilo ndilo neno lenyewe!" mama akapiga kelele. "Hivyo hivyo! Sauti ni hiyo hiyo!"

Hapo nami nikaelewa. Kicheko kikanipanda kifuani, na kingetoka, tungecheka wote, pengine leo ningekuwa nawasimulia harusi. Lakini niligeuka nimwangalie Wandera ili tucheke pamoja. Ndani ya ile helmeti nikaona macho yamekauka, yananipima.

Kicheko kikashuka.

"Wewe umefika saa ngapi?" nikamuuliza.

"Mama alinipigia saa tano. Nimefika sita."

"Ukabisha?"

"Nilibisha."

"Ukasikia sauti yangu."

"Nilisikia."

"Ukafikiria nini?"

"Amongin, na wewe. Mtu angefikiria nini?"

"Sijauliza mtu. Nimekuuliza wewe. Miaka miwili, Wandera. Ulinipata nikiwa na malaria, mwezi wa tatu, ukanipikia uji ukaunguza sufuria, ukaninunulia nyingine ya rangi ya kijani. Unanijua. Ukafikiria nini?"

Akaangalia chini. "Nilifikiria kuna mtu."

Nilitoa ufunguo nikafungua.

Mbwa akatoka kama mpira, akajikojolea kwa furaha juu ya viatu vyangu, kisha akaenda kunusa miguu ya mama. Na kutoka juu ya kabati mimi mwenyewe nikaanza kusema, spika ikinguruma: "Ngoja. Ngoja, nyamaza. Mama anarudi sasa hivi..." Tuliisikiliza yote, mpaka kwa mlafi, mpaka kwa kukojoa. Ajiko alikuwa ameshika ukuta, machozi yanamtoka.

Wandera ndipo akavua helmeti. "Amo..."

"Usiniite Amo."

"Nisamehe. Kwa nini hukuniambia kuhusu hiyo simu?"

"Kwa nini hukunipigia? Namba yangu unayo. Ulisimama hapa saa nzima na simu mfukoni."

Nilimwona mama yake akimeza aibu yake, na nilidhani atasema pole. Lakini wako watu ambao aibu ikifika kooni hugeuka ikawa pilipili.

"Kwa hivyo ni simu," akasema polepole.

"Ni simu, mama."

"Mtoto mdogo hivi, ameachwa tangu saa kumi na mbili, analelewa na simu."

"Leo nilichelewa. Siku nyingine huja saa nne."

"Leo ndiyo nimeiona. Na wajukuu wangu utawaachia nini? Redio? Wandera, si nilikwambia? Nilikwambia mpe kitu kidogo ambacho bado kinatafuta titi, uone kama anajua kukaa. Haya. Umeona."

Alisema hivyo kama mtu anayekumbusha mwenzake chumvi sokoni. Ajiko akaacha kucheka.

"Ulimwambia anipe?" nikauliza.

"Nani angenyamaza? Mwanamke wa mpakani, Mteso, si wa kabila letu, kutwa na madereva. Nilitaka mwanangu ajue."

Nikamgeukia Wandera. "Zawadi yako ilikuwa mtihani."

"Si hivyo, Amongin. Mama alikuwa anasema maneno, mimi nikamwambia nitakuonyesha. Nilijua utaweza. Nilikuwa nakutetea."

"Kwa mtihani ambao mwenye kufanya hajui yuko darasani."

"Na sasa haina maana tena! Nilishamwambia mama, Desemba tukioana unaacha kazi, tunakaa Matayos. Mbwa atakuwa na mtu nyumbani. Hakuna kugombana."

Aliyasema haraka, kama dawa chungu, na alipokwisha kusema akajua amekosea.

"Ulimwambia lini?"

"Pasaka."

"Na mimi uliniambia lini?"

Kuku wa mama akalia.

Mimi sisahau. Huo ndio ugonjwa wangu. Makarani wenzangu wanacheka kwamba naweza kukutajia siku tuliyogoma mpaka wanawake tukajengewa choo, na ni nani siku hiyo alijificha nyuma ya lori. Basi nikamwambia Wandera kitu ambacho kwa miaka miwili nilikuwa nimemfichia, kwa sababu nilitaka anipende bila kunionea huruma.

"Mama yangu Apolot alikuwa na meza ya vitenge hapa Malaba. Nilikuwa na miaka tisa, ilikuwa mwezi wa tano, mvua ya mawe ilinyesha wiki hiyo. Baba akaja na wazee wa upande wake wakasema mke wa mtu hauzi barabarani. Mama akaacha. Miaka miwili haikuisha, mimi ndiye nilikuwa natumwa kuomba chumvi kwa mwanamke aliyeichukua ile meza. Natumwa na kikombe. Cha bati, cha bluu, mdomo umebanduka rangi. Yule mwanamke alikuwa akikijaza, halafu anaita wateja wake, 'Mwangalieni mtoto wa Apolot.' Unajua kwa nini nasoma fomu za takataka, Wandera? Ni kwa sababu ya kile kikombe."

"Mimi si baba yako."

"Najua. Baba yangu alimwambia mama usoni."

Alikuja karibu. Harufu yake ikanifikia, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe isiyomtoka hata akiwa na suti ya kanisani. Chini ya bega lake la kushoto kuna mahali ambapo kichwa changu kinaingia kama kimechongewa. Nilipaona pale, hatua moja tu mbele yangu. Mwili wangu hauna kumbukumbu kama kichwa changu. Wenyewe ulitaka kwenda.

"Sikiliza," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya simu za jioni, ile inayoniyeyusha. "Sema tu utaacha. Neno moja, mama alisikie. Tuingie ndani, tuchinje kuku, hii siku iishe. Nakupenda, Amongin. Unajua nakupenda."

"Najua."

"Basi sema."

"Mimi nitasamehe," mama akadakia. "Hata yale ya kukojoa nitasamehe."

"Na nikisema siachi?"

Wandera akafumba macho. Mama ndiye aliyejibu, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Ukisema huachi, tupe mbwa wetu twende."

"Mbwa ni wangu. Nililetewa."

"Ulitoa nini?"

Nikamtazama Wandera.

"Nauliza, mwanangu alipokuletea mbwa, ulitoa nini? Hata sindano? Hata kiberiti? Au Wateso mnachukua bure?"

Hatuchukui bure. Kwetu na kwao sheria ni moja, na yeye alijua kwamba naijua. Mtoto wa mbwa hapokelewi mikono mitupu. Hata kama ni kipande cha sabuni utoe, la sivyo anabaki wa wale waliokupa, na kwako hatabweka kamwe. Siku ile nilikuwa nimemnyooshea Wandera leso mpya, bado ina karatasi ya dukani. Akanirudishia, akanikunjia vidole juu yake. "Kati yangu na wewe hakuna bei," akasema. Nililala na maneno hayo wiki nzima.

"Alinikataza," nikasema.

"Basi ni wetu. Wandera, mchukue."

Akaniangalia. Akamwangalia mama yake. Aliinama, jamani. Wandera wangu aliinama akamwokota yule mtoto, naye akaanza kulia kilio chake cha wiki ya kwanza, shingo ameigeuzia kwangu.

"Sema tu, Amongin," akaniomba. "Usinifanye nifanye hivi."

"Sijakufanya kitu. Mikono ni yako."

"Twende," mama akasema.

"Mama, subiri. Wewe ndiye mwenye mila hapa. Nikitoa kitu sasa hivi, mbwa ni wangu?"

Akanitazama kwa jicho la upande. "Ukitoa cha maana."

"Chochote?"

"Chochote, bora kiwe chako. Usitoe cha kuazima."

"Na neno lako halibadiliki?"

"Muulize mtu yeyote Sigalame."

Nikamwendea Wandera. Niliweka kiganja kifuani pake, juu kidogo ya kichwa cha mbwa. Moyo wake ulikuwa unakimbia. Akadhani nimekubali, nilimwona uso ukifunguka, yale macho yakarudi kuwa yale ya sufuria ya kijani, na Mungu anajua nilitaka nife pale pale kuliko kusema nililosema.

"Huyu alikuwa wangu," nikamwambia mama. "Hata wewe ulijua, ndiyo maana umeamka usiku kuja kumtafutia makosa yangu. Sina kitu cha maana kumzidi. Namtoa. Mchukue. Mbwa nimelipia."

"Eh!" Ajiko akasema, na mkono ukamfunika mdomo.

Mama akamhamishia kuku kwapa la pili. Alikuwa amekuja kunipokonya mtu huyo huyo, na sasa amepewa mkononi, hakujua amshike wapi.

"Unabadilishana mimi na mbwa?" Wandera akauliza. Sauti ilikuwa imepasuka. "Amongin? Mimi na mbwa?"

"Wewe ulimwinamia kwanza."

Alisimama hivyo, akingoja nicheke, akingoja niseme mzaha. Nami nikaangusha makaratasi, nikanyoosha mikono miwili. Alinipa yule mtoto taratibu, na vidole vyake vikakaa juu ya vyangu muda, vya moto, mpaka mama yake alipomwita jina lake lote la ubatizo. Ndipo vikatoka.

Walipofika getini aligeuka. Midomo yake ilisogea, sikusikia. Jina lake lilikuwa limeshanijaa mdomoni, zima, na sijui niwaambie nini ili mjue uzito wake. Ningeliita angerudi. Angemwacha mama yake na kuku barabarani, naapa, nilimwona mguu ukitaka. Lakini kitu ulichotoa kwa ajili ya mbwa hukirudishi. Ukikirudisha, mbwa anakufa. Hilo nalo ni sheria yetu na yao.

Nikauma ulimi. Nikambana yule mtoto shingoni pangu mpaka akatulia, nikasimama kwenye jua mpaka ngurumo ya pikipiki ikapotelea upande wa Busia. Kisha nikaokota makaratasi ya watu pale chini, moja moja, nikayapanga kwa tarakimu.